Presha ilishuka kwa juisi ya bitiruti halafu ikapanda tena: tukichambue kisa hiki cha nitrati na nitriti

Niseme mapema kabisa, mgonjwa wa kisa hiki si mtu fulani unayeweza kwenda kumtafuta. Nimemuunda kwa kuunganisha mambo ambayo tafiti zimeshayaonyesha na ambayo yeyote anayehudumia watu wenye presha anaweza kukutana nayo, ila takwimu za tafiti nitakazozitaja huko chini ni za kweli. Nimeamua kupitia kisa kwa sababu mambo haya ya nitrati na nitriti ukiyasoma vipande vipande unatoka umechanganyikiwa, huku unaambiwa kula mboga za majani upate nitrati, kule unaambiwa kimbia soseji zina nitriti, na hamna anayekaa kukueleza kwamba zote mbili ni naitrojeni na oksijeni zilizoungana, nitrati hugeuzwa kuwa nitriti, na nitriti ni ileile ila imepita njia tofauti na imeongozana na vitu tofauti.

Haya, twende. Mwanaume wa miaka 56, havuti sigara, uzito umezidi kidogo, ana presha miaka mingi na anatumia kidonge kimoja, dozi ileile siku zote. Wastani wa vipimo vyake vya nyumbani, asubuhi na jioni, ulikuwa 148 kwa 92. Daktari akataka kumuongezea kidonge cha pili, yeye akaomba apewe muda ajaribu chakula kwanza, daktari akakubali kwa sharti moja, apime kila siku kwa mashine ileile mkono uleule na aandike kwenye daftari. Akaanza juisi ya bitiruti, robo lita kila asubuhi. Wiki ya kwanza alipiga simu ameshtuka kwamba mkojo umekuwa mwekundu, na kweli hilo huwatokea baadhi ya watu wakila bitiruti, ni rangi yake tu inapita, lakini alifanya vizuri kuuliza maana mkojo mwekundu kwa mtu ambaye hajala bitiruti ni jambo la kupimwa haraka. Wiki ya nne wastani ukawa 140 kwa 88. Chumvi hakupunguza, uzito haukubadilika, dawa ileile.

Baada ya hapo akaenda kwa daktari wa meno, fizi zake zilikuwa zinatoka damu, akasafishwa kwa kina na kupewa dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, asubuhi na usiku kwa wiki mbili, pamoja na ibuprofeni za siku tatu kwa maumivu. Juisi hakuacha hata siku moja. Lakini daftari likaanza kusema kitu kingine, 144, 146, 149, mpaka wiki ya tano tangu asafishwe meno wastani ukawa 147 kwa 92, yaani karudi alikotoka. Akaja kliniki na mke wake, amekata tamaa, anasema juisi imeacha kufanya kazi, mwili umeshaizoea.

Hili la "mwili umezoea" si la kupuuza na watu wengi wa afya wangeanzia hapo. Kuna dawa za moyo za kundi la nitrogliserini ambazo kweli mwili huzizoea, mgonjwa akizitumia mfululizo bila kupumzika nguvu yake inapungua, na kwa sababu zinaitwa nitrati watu wanadhani na nitrati ya mboga iko hivyohivyo. Haiko hivyo. Zile za dawa zina umbo lingine la kikemia na njia nyingine mwilini. Mwaka 2015 watafiti wa London waliwapa wagonjwa 64 wa presha robo lita ya juisi ya bitiruti kila siku kwa wiki nne, nusu yao wakapewa juisi ileile iliyotolewa nitrati bila wao kujua, na wale wa juisi kamili presha ya kliniki ilishuka kwa wastani wa 7.7 kwa 2.4 na ikabaki chini mpaka wiki nne zinaisha, hamna dalili ya mwili kuzoea. Kwa hiyo hapo tunamtoa mshukiwa wa kwanza, ingawa si kwa asilimia mia.

Mshukiwa wa pili ni ibuprofeni, na huyu mimi nilimpa uzito kuliko wote mwanzoni. Dawa za kundi hilo zinaufanya mwili ubaki na chumvi na maji na zinaweza kuvuruga kazi ya baadhi ya dawa za presha, mtu akinywa kwa siku kadhaa presha inapanda na wala hajui kwa nini. Lakini alikunywa siku tatu tu akaacha, na daftari linaonyesha wazi kwamba presha iliendelea kuwa juu wiki nyingi baadaye. Ingekuwa ibuprofeni ingeshashuka. Maumivu ya fizi nayo yaliisha mapema. Mashine ilipimwa ikafanana na ya kliniki. Hapa ndo unaona faida ya lile daftari, bila tarehe kila mtu angekuwa na hadithi yake.

Nesi ndo aliyeuliza swali lililofungua kesi: hiyo dawa ya kusukutua uliacha lini? Hajaacha. Aliambiwa wiki mbili, yeye akapenda ule usafi wa mdomo akanunua chupa nyingine, na sasa ni wiki ya tano anasukutua mara mbili kwa siku, dakika nzima, na tena anasukutua asubuhi dakika chache kabla ya juisi.

Nesi akachukua ile karatasi ya kupimia mkojo, ambayo ina kimraba cha nitriti, akamwambia kesho yake aje saa mbili baada ya kunywa juisi. Akaja, akatema mate kidogo, kimraba kikaloweshwa, wakasubiri dakika moja. Kimebaki cheupe vilevile. Nesi akajipima na yeye ambaye alikuwa amekula saladi muda si mrefu, kikawa cha pinki iliyokolea hata kabla dakika haijaisha. Sasa karatasi hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mkojo na si kipimo rasmi cha mate, isichukuliwe kama majibu ya maabara, ila kwa swali la ipo au haipo inatosha kukuelekeza.

Kwa nini tutafute nitriti kwenye mate? Hapa inabidi tufuate safari yenyewe. Nitrati unayokula karibu yote inafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, ndani ya saa moja hivi iko juu kwenye damu. Nyingi inatoka na mkojo. Lakini karibu robo yake inachukuliwa na tezi za mate, zinaivuta kutoka kwenye damu mpaka mate yanakuwa na nitrati mara 10 hadi 20 kuliko damu yenyewe, na kuimwaga mdomoni. Seli zetu wenyewe haziwezi kuibadilisha nitrati kwa kiwango cha maana. Wanaoweza ni bakteria wanaoishi nyuma ya ulimi, kwenye vile vijibonde ambako hewa ni kidogo, akina Veillonella, Actinomyces, Rothia, Neisseria, wao wanaitumia kwa kupumua kwao na kinachobaki ni nitriti. Unameza mate, nitriti inafika tumboni, asidi inageuza sehemu yake kuwa nitriki oksaidi, na sehemu nyingine inaingia kwenye damu na kugeuzwa huko, hasa mahali ambapo oksijeni imepungua. Nitriki oksaidi ndo ile gesi inayolegeza misuli ya kuta za mishipa, ndo iliyowapa wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad tuzo ya Nobel mwaka 1998. Mishipa ikilegea inapanuka na presha inashuka.

Mimi hii safari kila nikiifikiria naona ni ya ajabu kweli, kwamba sehemu ya presha yako inashikiliwa na bakteria wa ulimi. Kwa miaka kadhaa ilijulikana kwamba kuta za mishipa zinajitengenezea nitriki oksaidi kutoka kwenye amino asidi inayoitwa arginini, na nitrati ikaonekana ni takataka ya mwisho tu, kitu cha kukojolewa. Mpaka 1994 ambapo makundi mawili, moja la Sweden na lingine la Uingereza, kila moja kivyake, yalionyesha kwamba tumboni kuna nitriki oksaidi nyingi inayotokana na nitriti ya mate. Takataka ikawa akiba.

Na si nadharia tu. Mwaka 2008 watafiti wa London waliwapa watu wenye afya nusu lita ya juisi ya bitiruti, namba ya juu ya presha ikashuka mpaka kama pointi 10 saa tatu hivi baada ya kunywa. Halafu wakawaambia wateme mate yote badala ya kuyameza. Juisi ileile, kiasi kilekile, lakini nitriti kwenye damu haikupanda na presha haikushuka. Kwa maoni yangu jaribio hilo la kutema mate ndo bora kuliko yote kwenye somo hili, linakuonyesha kwa kitendo kimoja rahisi njia inapopita. Mwaka 2013 wakaja na la kusukutua, watu 19 wenye afya, klorheksidini, ambayo inaua bakteria wa mdomoni, mara mbili kwa siku kwa siku saba, utengenezaji wa nitriti mdomoni ukashuka kwa karibu asilimia 90, nitriti ya kwenye damu ikashuka kwa robo, na presha ikapanda kati ya pointi 2 na 3.5. Na hao hawakuwa wanakunywa juisi yoyote, ni chakula chao cha kawaida tu. Kwa watu ambao tayari wana presha na wako kwenye dawa, utafiti wa 2015 ulipata kupanda kwa kama pointi 2.3 ndani ya siku tatu.

Mtu atasema pointi mbili tatu ni nini. Kwa mtu mmoja siku moja ni kidogo, ndani ya mabadiliko ya kawaida ya mashine. Lakini huyu wetu alikuwa na vitu viwili, kwanza anapoteza zile pointi za juisi, pili anapoteza na zile za chakula cha kila siku, ndo maana karudi karibu kabisa na mwanzo.

Daktari hakumwambia aache pale pale. Alimpigia kwanza daktari wa meno, na nadhani hilo ni muhimu kulisema, klorheksidini ina kazi yake, fizi zilizovimba nazo zina madhara yake mwilini, na mtu asije akasoma hapa akatupa dawa aliyoandikiwa kwa muda maalumu. Daktari wa meno akasema wiki mbili zilikuwa zinatosha, aache, abaki na mswaki na uzi wa meno. Wiki moja baadaye kimraba cha karatasi kikawa pinki. Wiki mbili zaidi wastani wa daftari ukawa 141 kwa 88.

Je tumethibitisha? Mtu mmoja hathibitishi. Presha inapanda na kushuka yenyewe, na mtu aliyekata tamaa akipewa maelezo akatulia presha yake pia inaweza kutulia. Kinachonipa imani ni kwamba vitu vimefuatana kwa mpangilio unaoeleweka, dawa imeingia nitriti ya mate imepotea presha imepanda, dawa imetoka nitriti imerudi presha imeshuka, na kila hatua ina jaribio la watu nyuma yake.

Sasa mke wake, ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza: "Daktari, samahani, si hiyo nitriti ndo wanasema kwenye soseji inaleta kansa? Sasa mbona mnafurahi kuiona kwenye mate ya mume wangu?"

Swali zuri kuliko yote ya siku hiyo. Na jibu la uaminifu linaanza kwa kukubali, ndiyo, ni molekuli ileile. Tena kwa mtu wa kawaida nitriti nyingi inayofika tumboni inatoka kwenye mate yake, si kwenye nyama. Kwenye soseji, bekoni na ham (paja la nguruwe lililosindikwa) inawekwa kwa sababu inazuia bakteria anayeleta botulizimu, ugonjwa wa sumu ya chakula ambao unaua, na pia inaipa nyama ule wekundu na ladha yake. Shida inakuja nitriti inapokutana na amini zinazotoka kwenye protini, zinaungana kuwa nitrosamini. Watafiti Magee na Barnes walionyesha mwaka 1956 kwamba nitrosamini ya aina moja inaleta kansa ya ini kwa panya, na tangu hapo nyingi zimeonekana hivyo kwa wanyama. Nyama nyekundu iliyosindikwa ina vyote vinavyohitajika mahali pamoja: nitriti, amini, na ile chuma ya kwenye damu ya nyama inayochochea muungano, halafu unakuja kuikaanga kwa moto mkali. Mboga inakuja na vitamini C na kemikali nyingine za mimea ambazo zinaikimbiza nitriti kuelekea nitriki oksaidi badala ya nitrosamini. Ndo maana hata viwandani bekoni inaongezwa vitamini C au ndugu yake, waligundua miaka ya 1970 kwamba inapunguza nitrosamini.

Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lile la chini ya WHO, lilipokaa mwaka 2006 halikusema nitrati inaleta kansa, lilisema nitrati au nitriti iliyoliwa katika mazingira yanayosababisha muungano huo mwilini huenda inaleta kansa. Hayo maneno "katika mazingira" watu wanayaruka na ndo yamebeba kila kitu. Mwaka 2015 likaweka nyama iliyosindikwa kwenye kundi la kwanza, la vitu vyenye ushahidi wa kutosha kwa binadamu, na kukadiria kwamba kila gramu 50 kwa siku zinaongeza uwezekano wa kansa ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Tuiweke sawa hiyo 18: kama kati ya watu 100 watano wangepata maishani, asilimia 18 ya hao watano haifiki hata mtu mmoja wa kuongeza. Si kidogo ukihesabu mataifa, lakini pia si kwamba ukila soseji moja umekwisha. Na kundi la kwanza linaeleza uhakika wa ushahidi, halielezi ukubwa wa hatari, kuwa kundi moja na sigara hakumaanishi soseji ni sawa na sigara.

Kwa hiyo mke akaambiwa juisi iendelee, soseji za kila asubuhi zipungue. Akauliza vipi zile zilizoandikwa hazijaongezwa nitriti. Hapo asome vizuri kibandiko, nyingi zimewekwa unga wa seleri ambao nitrati yake imegeuzwa kuwa nitriti na bakteria kiwandani, nyama ni ileile na nitriti ni ileile, tofauti ni maandishi.

Kuna jambo la kiwango ambalo sitaki kulipita kimya. Kiwango kinachokubalika cha nitrati kwa siku ni miligramu 3.7 kwa kila kilo ya uzito, mtu wa kilo 70 ni kama 259. Robo lita ya juisi kwenye ule utafiti wa wagonjwa 64 ilikuwa na karibu 400. Kilo za huyu ni zaidi ya 70 lakini bado anavuka. Mtu anayekula sahani kubwa ya mboga za majani naye anavuka kirahisi, maana nitrati nyingi tunayokula, karibu asilimia 80, inatoka kwenye mboga, na hamna anayesema mboga ziachwe. Ila majaribio mengi ya juisi ni ya wiki, si ya miaka, kwa hiyo mimi nampendelea anayepata nitrati yake kwenye sahani kuliko anayeongeza chupa juu ya chupa za juisi iliyokolezwa.

Mke akaongeza kwamba wana mjukuu wa miezi mitatu, anywe na yeye kidogo? Hapana kabisa. Kichanga tumbo lake halina asidi ya kutosha kwa hiyo bakteria wanaogeuza nitrati wanaweza kuishi humo, na kimeng'enya cha kurekebisha himoglobini iliyoharibika bado hakijakomaa. Nitriti inageuza himoglobini kuwa methemoglobini isiyobeba oksijeni, mtoto anakuwa wa bluu midomoni na kwenye kucha, damu inakuwa rangi ya chokoleti. Daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, alieleza mwaka 1945 watoto waliobadilika rangi hivyo baada ya maziwa yao kukorogwa kwa maji ya kisima yenye nitrati, na kutokana na visa kama hivyo tuna kiwango cha WHO cha miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa. Na tafadhali mlio na visima, kuchemsha hakuondoi nitrati, maji yakipungua kwa mvuke nitrati inakolea zaidi. Mtoto akionekana wa bluu ni hospitali moja kwa moja, dawa ipo, ya methilini bluu, na inafanya kazi haraka.

Tukirudi kwa mgonjwa, kwenye faili ikaonekana aliwahi kutoa kijiwe cha figo. Hilo lilipaswa kuulizwa siku anaanza juisi, kwa sababu bitiruti na spinachi zina oksaleti nyingi na oksaleti ndo malighafi ya vijiwe vingi. Akahamishiwa kwenye rukola na letasi, mboga za majani za saladi, ambazo nitrati zinayo ya kutosha na oksaleti yao ni ndogo, anakula bakuli mchana na jioni. Pia akaulizwa kuhusu dawa za kupunguza asidi, kwa sababu utafiti wa 2017 ulionyesha esomeprazoli inafifisha uwezo wa nitriti kushusha presha, lakini hatumii.

Na 141 kwa 88 bado si presha ya kuiacha ilivyo kwa mwanaume wa miaka 56. Nitrati ya chakula imempa pointi saba nane, ndo uwezo wake, haifanyi kazi ya kidonge. Safari hii alikubali kidonge cha pili kwa dozi ndogo, damu ikachukuliwa kuangalia figo na potasiamu kwanza, na daftari linaendelea, sasa lina safu mpya pembeni ya presha ambayo anaandika dawa yoyote aliyoimeza au kusukutua siku hiyo.